Hoja ya Kula

Jumamosi ya pili ya Agosti 2006, saa nne asubuhi, Jumuiya ya Wasomi wa Fasihi ya Kiafrika, tawi la Kitale na Bungoma, ilikutana katika ukumbi wa kanisa mjini Kitale. Wanaume walikuwa mbele wakibishana juu ya maana ya riwaya. Wanawake, walimu wote, wawili wao wenye digrii mbili mbili, walikuwa nyuma wakipaka mkate siagi. Saa nne na robo Mwalimu Nakhumicha aliingia, akafuta udongo kwenye viatu, akaketi. Alikuwa amezikwa Matulo mwezi wa tatu.

"Umechelewa, Mama Viola," alisema Wamboi, mwalimu wa Kitale aliyewaongoza wale wanawake.

"Si wale vijana walichimba kaburi refu, bana. Kupanda ni kazi."

Wamboi akamsogezea chai.

Aliyemleta ni mumewe, Mukhisa, mkulima aliyeachia shule darasa la tatu. Alikaa karibu na mlango kwa sababu hakuwa mwanachama. Mukhisa alijua wakubwa ndio walimmaliza mkewe: wale wa hospitali waliosema dawa zimeisha, na hawa wa hapa waliosema subiri.

Alichokuwa anasubiri Nakhumicha ni jina lake. Kwa miaka tisa alikusanya nyimbo za wanawake, za palizi na za wachuuzi wanaovuka mpaka wa Uganda pale Lwakhakha, akaziandika na kuzieleza katika madaftari kumi na manne. Kisha akampa mwenyekiti, Daktari Masibo, ayapitie. Masibo aliyapitia, na alipomaliza kuyapitia jina lililokuwa juu lilikuwa lake. Kitabu kingetoka Novemba. Wanawake walitaka Jumuiya ipige kura jina lirudishwe. Mikutano mitatu mfululizo suala lao liliwekwa chini ya Mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda, na mara zote tatu Masibo alifunga kwa maombi kabla Mengineyo haijafika. Wakubwa wanapenda sana maombi ya kufunga.

Siku hiyo wanaume walikuwa kumi na mmoja, na wanawake kumi na mmoja. Nakhumicha alikuwa wa kumi na mbili. Ndiyo maana alikuja.

"Mwenyekiti, leo Mengineyo inaanza," Wamboi alisema.

"Madam, ajenda iko na mpangilio."

"Mpangilio wa nani?"

Nakhumicha akasimama. Alikuwa mtu wa Bungoma maisha yake yote, na kufa hakukuwa kumemnyoosha ulimi.

"Mwenyekiti," alisema, "sisi akina mama leo tunataka kula."

Masibo naye alizaliwa Matulo, na mpaka alipoingia chuo kikuu alikuwa akiita lori roli. Alisikia vizuri sana. Akamgeukia katibu, Tonny.

"Andika. Akina mama wanataka kula."

"Ati kula gani?" aliuliza Chelangat, mwalimu wa kutoka Mlima Elgon. "Anasema kura. Ya kupiga."

"Mimi nimeandika alivyosema," Tonny alijibu. "Sisi ni wasomi, madam. Tunafuata matini."

"Sawa," Wamboi alisema. "Mimi basi nasema kura, na ulimi wangu hauna shida. Wanaotaka jina la Mwalimu lirudi, mikono juu."

Mikono kumi na miwili ikainuka. Masibo aliihesabu kwa kalamu, akafika kwa Nakhumicha akasimama.

"Pole, shemeji," alisema. "Lakini marehemu hali."

Mzee mmoja mbele aliinakili sentensi hiyo kwa sababu ilikuwa na maana mbili. Matokeo yakawa kumi na moja kwa kumi na moja, na kura zikilingana, katiba inasema mwenyekiti ndiye anaamua. Masibo akaamua. Kisha akaomba watu wafumbe macho.

Saa saba chakula kilitolewa, ugali na kuku, na wanawake wakahudumiwa kwanza. Tonny aliandika: Hoja ya kula, imetekelezwa. Nakhumicha alipeleka sahani yake mlangoni.

"Kula, Baba Viola."

"Hii ndiyo wamekupa?"

"Hii ndiyo wamesikia."

Mukhisa aliangalia lile paja la kuku mpaka likapoa.

Novemba walikutana Bungoma. Kwenye ratiba iliyopigwa chapa, Nakhumicha alikuwa amepewa cheo: Msimamizi wa Chakula, na jina lake lilikuwa limeandikwa bila kosa, pamoja na neno marehemu. Masibo alisema Jumuiya inawajali akina mama bila ubaguzi. Chelangat alitaka wajiondoe, waanzishe chama chao.

"Nyinyi mnaweza kwenda," Nakhumicha alisema. "Mimi madaftari yangu yako hapa."

Wakabaki. Wamboi alipeleka tena barua ile ile, sasa yenye sahihi kumi na mbili, na Tonny akaipokea vizuri na kuiweka chini ya Mengineyo.

Kitabu kiligawiwa saa sita. Mukhisa alipewa nakala ya bure, kama mgeni. Akakaa nayo nje kwenye ngazi, akapitisha kidole juu ya jalada, halafu ukurasa wa kwanza, halafu wa pili, akitafuta N. Alizipata nyingi. Kila alipopata moja alisimamisha kidole, akasoma herufi inayofuata, akaendelea.