Mapaa Mawili, Ukuta Mmoja

Keji, mke wangu, hakunipigia kelele. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua majani ya kunde, akasema, "Kama mama hatakuja kukaa hapa mvua ikianza, mimi nakwenda kukaa naye kule." Kisha akaendelea kuchambua.

Kule ni Ingbokolo, upande wa Zaire. Tulikimbilia huko sote vita vilipofika Koboko, na mambo yalipotulia sisi tukarudi. Mama yake alibaki. Alisema kibanda chake cha ukimbizi amekizoea, na kuku wake pia wamekizoea. Lakini mwaka huo wa 1991 mguu wake wa kushoto ulianza kugoma, na maji yalikuwa mbali.

Mtu wa kwingine atasema: mlete, mpe chumba. Sisi hatufanyi hivyo. Mimi ni mkwe wake. Kwetu Wakakwa mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja. Hata jina lake silitaji, na hapa pia sitalitaja. Kijijini jambo hili ni rahisi, unamjengea nyumba yake ng'ambo ya shamba. Mimi sina shamba. Nina duka la spea za baiskeli mjini Koboko, na kiwanja changu ni chembamba kama ulimi: duka mbele, vyumba viwili nyuma yake, ua mdogo, choo, basi. Ilibidi nimwongezee chumba nyuma, kigusane na nyumba yangu, na bado kisiwe nyumba yangu. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naitafutia kontrakta.

Wa kwanza alikuwa Ondoga, wa hapahapa Koboko. Aliizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa kidole, akasema nibomoe yote nianze upya. Nilimwambia aende akabomoe ya kwake. Wa pili alikuwa kijana mwenye cheti. Nilipomweleza habari ya mama mkwe alicheka.

"Mzee Lado, hayo mambo ya zamani. Kula naye tu chakula, atazoea."

Nilimwonyesha mlango. Mlango ulikuwa mzima, haukuhitaji ukarabati.

Basi nikapanda gari kwenda Arua, kwa sababu watu walinitajia mtu mmoja anayeitwa Enoch Obeti, ingawa wengi walimwita Kontrakta tu. Nyumbani kwake hakuwepo. Nilimkuta kwenye uwanja wa mpira wa Onduparaka akimtukana refa. Mtu mrefu, tumbo mbele, saa kubwa mkononi ambayo mishale yake haikutembea. Nilingoja mapumziko, nikamweleza.

"Nani atalala ndani?" akauliza.

"Mama wa mke wangu."

Akapiga mluzi. "Na wewe iko na njia ya kukimbilia, yeye akitokea?"

Wale wawili hawakuniuliza hivyo. Hapo moyo wangu ukaanza kutulia.

"Mimi wangu iko pale mtaa wa Oli," akasema. Yeye ni Mlugbara, lakini naona mama mkwe ni mama mkwe kila mahali. "Nikipita Oli natembea nikitazama mbingu, watu wanafikiri natafuta ndege ya Entebbe. Sikiliza, Mzee. Mimi hapana fundi wa kubahatisha." Akaanza kunitajia nyumba alizojenga Arua, na nadhani nyingine alizipita tu kwa baiskeli. Kisha akavua kiatu, akachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Paa ndiyo nyumba. Ukuta hapana nyumba, ukuta ni ya kila mutu. Sasa paa yako inamwaga maji nyuma, si ndiyo? Tunaigeuza. Imwage mbele, barabarani. Yake inamwaga nyuma, kwa ua. Ukuta wa katikati tunapandisha, inatoka juu ya mabati. Maji yako na maji yake hapana kutana. Hiyo iko nyumba mbili, hata mbele ya jaji."

"Wateja wangu watalowa mlangoni."

"Tutaweka mfereji. Na mutu akilowa kidogo ananunua haraka."

Bei tulikubaliana, hilo halina hadithi. Sharti lake lilikuwa moja: Jumamosi vijana wa Onduparaka wakicheza, yeye hafanyi kazi, hata ukuta uwe unaanguka. Nikakubali. Refa akapuliza filimbi, na Kontrakta akarudi kumtukana kabla hajavaa kiatu.

Alikuja Koboko na wenzake wawili, mlinda mlango na winga wa Onduparaka. Yule wa golini alipokea matofali, yule winga aliyakimbiza. Waliimba tangu asubuhi, na watu waliokuja kununua spoki walikaa kuwatazama, wengine wakatoa ushauri, na Kontrakta akawajibu wote kwa dharau. Duka langu halijawahi kuchangamka vile. Waliezua paa langu, wakaligeuza, wakapandisha ukuta. Jirani yangu Rehemah, anayeuza chai na mandazi, aliwapikia bila kuombwa, kisha akaniletea madai yake bila kuombwa.

Tatizo ni kwamba mwenye chumba alitaka kukiona. Kila siku ya soko alivushwa mpaka, amekaa nyuma ya baiskeli ya mpwa wake kama mkuu wa wilaya, na kila siku ya soko mimi nilikimbia. Tuliwekeana ishara. Rehemah akimwona barabarani, anagonga kifuniko cha sufuria. Mara ya kwanza nilikuwa nanyoa ndevu. Nilirukia jikoni kwa Rehemah na povu upande mmoja wa uso, nikakaa humo na moshi mpaka jioni, nikila mandazi yaliyovunjika.

Kontrakta ndiye aliyebeba maneno kati yetu. Alikuja jikoni amekunja uso.

"Mama anasema mlango iko vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Inafungukia kwa kichochoro. Anasema yule mutu anapita kichochoro asubuhi kwenda choo. Anasema hataki kila siku Mungu akiamsha dunia, yeye kitu cha kwanza anaona ni mkwe wake na kopo mkononi."

Niliweka andazi chini. Kontrakta akajikuna kisogo. Alikuwa ameniuliza mimi nitakimbilia wapi, ila hakuuliza choo kiko upande gani. Mimi mwenyewe napita kichochoro kile kila siku ya Mungu, na sikufikiri.

"Mwambie tutauziba," nikasema. "Tufungulie upande huu, kwa Rehemah."

Rehemah akageuka kutoka kwenye mafuta yake. "Kwangu? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwako, dada yangu. Utapata mtu wa kuzungumza naye."

"Anajua kukanda unga?"

"Anajua kukanda watu."

Rehemah akasema basi alete mikono. Mlango ukahamishwa. Kontrakta akaeleza kila aliyepita kwamba tangu mwanzo alikusudia hivyo.

Siku ya soko iliyofuata alinirudia tena jikoni kwa Rehemah, safari hii mnyonge kidogo. "Mlango amekubali. Sasa anauliza, paa iko moja ama iko mbili?"

"Si ulimwambia?"

"Nilimwambia mbili. Anasema macho yake inaona mabati tu, na mabati haina mdomo. Anasema atangoja mvua. Maji ikigawanyika, anakaa. Maji ikichanganyika, au ikipita ukuta kwenda kwake, hiyo iko paa moja, yeye anarudi Ingbokolo na hapana kuja tena."

Jioni hiyo Keji alisikia yote. Alitoa nguo zake chache kwenye kamba, akazikunja, akaziweka juu ya sanduku. Hakuziweka ndani. Juu. Nilitazama zile nguo mpaka nikachoka nazo.

Ikafika Jumamosi, na Kontrakta akakubali kufanya kazi mpaka gari la Arua lipite. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Zaire. Mimi na Kontrakta tulikuwa juu ya paa la chumba kipya, tukipiga misumari ya mwisho na kuziba kwa lami pale mabati yanapokutana na ule ukuta. Haikuwa siku ya soko, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Rehemah alikuwa amekwenda kusagisha. Hakukuwa na mtu wa kugonga sufuria.

Nikasikia kengele ya baiskeli kwenye ua wa Rehemah, mzigo ukishushwa, kisha fimbo ikigonga sakafu mpya chini yangu. Ngazi ilikuwa imeegemea palepale mlangoni pake. Nililala kifudifudi juu ya mabati. Yalikuwa ya moto kama kikaango.

Kontrakta akashuka. "Karibu, Mama. Leo umekuja bila soko."

"Nimeona wingu. Juu iko nani?"

"Hakuna mutu, Mama. Misumari tu."

Vumbi likaniingia puani, nikapiga chafya.

"Misumari yako iko na mafua," akasema. "Leta kiti."

Akaletewa kiti, akakaa ndani ya chumba chake, na mimi juu yake kama samaki anayekaushwa. Mara gari la kwenda Arua likapiga honi barabarani. Kontrakta akatazama ile saa yake isiyotembea.

"Mama, nisamehe. Leo vijana wanacheza."

Nilitaka kumwita, nikaogopa kutoa sauti. Nikasikia viatu vyake vikikimbia, na wenzake nyuma yake, na gari likaondoka. Mapatano ni mapatano, lakini siku ile nilimlaani kwa lugha tatu.

Kisha mama mkwe akaanza, kwa Kiswahili. Sisi wote wawili ni Wakakwa. Angesema Kikakwa, angekuwa anazungumza na mkwe wake. Kwa Kiswahili alikuwa anazungumza na kazi ya ujenzi.

"Mimi naongea na mabati," akasema. "Mabati, sikia. Mutu mzee ni mzigo. Anakohoa, anataka chai, anajua kila kitu. Kwa nini unataka mimi hapa? Ni huyu mutoto wangu amekutisha?"

Mimi si mtu wa kupaka maneno mafuta. Nikaikazia macho nyundo, nikaijibu nyundo.

"Ndiyo. Alinitisha. Alisema ataondoka."

"Hm. Mabati hii haidanganyi. Ni hiyo tu?"

"Si hiyo tu." Niliigeuza nyundo upande wa pili. "Siku ile tunakimbia, mimi nilisukuma baiskeli imejaa spea. Huyo mama alibeba binti yangu mgongoni mpaka ng'ambo, na mvua, na risasi nyuma. Binti yangu sasa ameolewa. Mimi sijasema asante mpaka leo. Nitasemaje? Mtu simwoni, jina silitaji, akija nakimbia na povu usoni. Nikaona afadhali niseme kwa matofali."

Chini nilisikia fimbo ikizungushwa sakafuni, polepole.

Kisha tone la kwanza likagonga bati karibu na sikio langu, na wingu lote likafuata. Mvua ya kwanza ya Koboko haibishi hodi. Nilijishikilia kwenye ule ukuta uliotoka juu ya mabati, nikatazama. Upande wa duka maji yalikimbia kwenda mbele, na nikasikia wateja wakipiga kelele mlangoni, kwa sababu mfereji Kontrakta alikuwa bado hajaufunga. Upande huu maji yalinipita tumboni yakaenda nyuma, uani. Katikati ukuta ulisimama kama askari. Hakuna tone lililovuka. Nilichungulia kwenye lami yetu mpya, nikaipapasa kwa vidole. Kavu chini, imara.

"Inasema nini huko juu?" sauti ikauliza.

"Maji yangu yanakwenda mbele!" Ilibidi nipaze sauti kuishinda mvua. "Yako yanakwenda nyuma!"

"Na hapa ndani iko kavu," akasema. "Mwambie huyo mutu ashuke, atakufa na baridi. Mimi nimegeukia ukuta."

Hakukuwa na mtu wa kuniambia, kwa hiyo nilijiambia mwenyewe. Nilifumba macho nikashuka ngazi, nikipapasa kipago kimoja baada ya kingine, mgongo wangu kwenye mlango wake. Mguu wa mwisho niliutua ndani ya karai la udongo wa simenti ambalo wale wachezaji walikuwa wameliacha hapo. Nikateleza, nikakaa chini, karai mguuni, mvua kichwani.

Ndani ya chumba mtu akacheka. Kicheko kinene, cha kutoka mbali, kilichokatika kwa kukohoa kikaanza tena. Nilimwoa Keji nikiwa kijana, na sasa nina mvi, na nilikuwa sijawahi kukisikia.

Keji alikuja mbio kupitia ua wa Rehemah, gunia kichwani kama mwavuli. Aliniona, akasimama.

"Nani anacheka hivyo?"

"Mwenye nyumba," nikasema.

Alitazama ule mlango, akatazama maji yakitiririka uani. Hakuninyanyua. Alivua viatu vyake vya matope kizingitini, akaingia kumsaidia mama yake kufungua mzigo wake.