Njia ya Jumamosi na ya Jumapili

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: umewahi kumwona mtu mwenye baiskeli yake mwenyewe, nzima, yenye kengele inayolia na kiti cha ngozi, na kila asubuhi anatembea kando yake kama anayempeleka mgonjwa zahanati?

Mokeira wa Londiani alikuwa hivyo. Baiskeli ilikuwa ya marehemu mumewe, Onsongo, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mpaka kifua kikamshinda. Ilikuwa nyeusi, ndefu, na chuma chake cha katikati kilikuwa kimezungushiwa mkono wa sweta kuukuu ili rangi isikwaruzike. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, Mokeira aliisugua spoku moja moja. Siku za kazi alifunga mikebe ya maziwa nyuma, akashika usukani, akaisukuma hadi kituo cha maziwa mjini. Kurudi akaisukuma vilevile, mikebe mitupu ikigongana kong, kong, baiskeli haina mzigo, na mwenyewe yuko chini kwa miguu.

Alitaka kuipanda. Alitaka hivyo jinsi mtoto anavyotaka sukari, na kama mtoto, alificha.

Maana alishajaribu mara moja, matanga ya mumewe yalipokwisha. Kule Kisii alikozaliwa alikuwa amejifunza kwa baiskeli ya kaka yake, kwa hiyo hakuwa mgeni. Lakini barabara kubwa ya Londiani ilikuwa ya malori ya magogo. Moja lilimjia kwa nyuma, likapiga honi, na Mokeira akaingia mtaroni na maziwa yake, gauni limeliwa na mnyororo. Wanaume waliokuwa wakinywa chai kwenye baraza ya hoteli walisimama, si kumsaidia, bali ili waone vizuri.

“Wee! Leo ng’ombe amepanda juu ya paa!” mmoja akasema, na wenzake wakacheka hadi chai ikawatoka puani.

Tangu siku hiyo, akiulizwa kwa nini hapandi, alisema, “Maziwa yatatikisika yawe siagi.” Watu wakaridhika. Kuhusu safari ya kurudi, mikebe ikiwa mitupu, hakuna aliyefikiria kuuliza.

Sasa, mji ule ulikuwa na reli mbili. Kubwa, ya kwenda Kisumu, ilikuwa hai. Ndogo, watu waliiita Reli ya Mbao: ilitoka stesheni, ikapita nyuma ya maduka, ikavuka kijito, ikapanda polepole hadi kwenye kiwanda. Malori yalipoanza kubeba mbao, reli ile ikaachwa. Vyuma viling’olewa, mataruma yakawa kuni za watu, na boriti za daraja dogo zikaenda kusikojulikana. Ukabaki mkanda wa kokoto ulioota siwot, yale majani yanayowasha, marefu kufika kifuani. Maduka yote yalitupa huko viazi vilivyooza, manyoya ya kuku na chupa zilizovunjika. Hata mbuzi waliona aibu kupita.

Asubuhi moja ya masika, mwaka wa sabini na moja, lori lilikwama likafunga barabara kuanzia ukingo huu hadi ule. Maziwa hayangoji. Mokeira akakata nyuma, akaingia Reli ya Mbao na baiskeli yake. Siwot zilimchapa miguu mpaka machozi yakamtoka. Pale kijitoni alivua viatu, akavuka majini, akabeba mikebe mmoja mmoja. Lakini alipofika nyuma ya maduka aligundua kitu: hahemi. Kwa barabara kubwa, lazima angepumzika kwenye vilima. Hapa baiskeli ilikuwa ikiteremka yenyewe taratibu, kama ng’ombe anayejua boma lake. Ndipo akakumbuka maneno ya Onsongo: treni haiwezi mlima, lazima ibembelezwe. Njia yote ile ilikuwa imebembelezwa. Na lori lingekuja kufanya nini huko?

“Hapa,” akasema kwa sauti.

“Hapa nini?” Alikuwa Priscillah, fundi wa nguo, ametoka mlango wa nyuma wa duka lake kumwaga maji ya kuoshea vyombo.

“Hapa pangekuwa na njia nzuri ya... ya watoto wa shule.”

Priscillah alimtazama, akaitazama baiskeli, akamtazama tena. “Mm,” akasema. “Ya watoto.”

Mokeira alipeleka jambo hilo kwa Kipsang, mzee wa mtaa, naye akaita baraza. Kipsang alikuwa amekwisha kuuliza stesheni: watu wa reli hawakuwa na shida, ardhi ipitwe tu, isijengwe. Mokeira akasimama, akasema njia ile ingewafaa wenye maziwa, na watoto, na wazee wa kwenda kanisani. Aliwataja wote, isipokuwa yeye mwenyewe.

“Ni vizuri,” Kipsang akasema. “Siku za kazi kila mtu yuko shambani au sokoni. Tukutane Jumamosi.”

“Jumamosi ni Sabato,” akasema Kebaso, mzee wa kanisa la akina Mokeira, watu waliohamia kutoka Kisii. “Sisi hatushiki jembe.”

“Basi Jumapili.”

“Jumapili ni siku ya Bwana,” akasema Zacheus, muuza viazi, ambaye watu wake walitoka upande wa Nyeri na Kiambu. “Kwani huyo Mungu wa Kebaso alihesabu siku akianzia wapi?”

“Alianzia mwanzo, Zacheus. Wewe ndiye uliyechelewa kufika.”

Baraza likacheka. Kipsang akajikuna kichwa chini ya kofia, akaamua: akina Zacheus wafanye Jumamosi, akina Kebaso wafanye Jumapili, na yeye na Wakipsigis wenzake watagawanyika wasaidie huku na huku. Kila kundi lianzie pale lenzake lilipoachia.

Ndugu yangu, hapo ndipo ushindani ulipoingia. Jumamosi ya kwanza akina Zacheus walianzia stesheni. Walifyeka kwa slasha, wakabeba uchafu kwa wilibaro, wakasawazisha kokoto na kumwaga juu yake udongo mwekundu. Walipochoka, walichomeka fimbo katikati ya njia, wakaivika kofia mbovu. Kesho yake akina Kebaso walipofika, wakaelewa: *wanaume walifika hapa.* Walipiga kazi hadi jioni, Mokeira akiwa mbele na panga lake, na kofia ikahamia mbali kabisa, ng’ambo ya bucha. Juu yake walivisha jani la kabichi, kama kilemba.

“Hao wa Sabato wanatuonyesha madharau!” Zacheus alifoka alipoiona wiki iliyofuata, huku akicheka. “Leteni chepe zote!”

Basi kofia ikawa inatembea. Mara imevikwa ua, mara imetundikwa soksi, siku moja imewekewa kiazi kibovu mahali pa pua. Watu waliokuwa hawasalimiani sokoni walianza kuulizana, “Kofia imefika wapi?” Maduka yaliacha kutupa uchafu nyuma, kwa sababu nyuma pamekuwa mbele. Priscillah alipanda maua ya njano kando ya mlango wake. Kiwanda kikawapa unga wa mbao, mzigo kwa mzigo, wakautandaza pasiteleze wakati wa mvua, na njia yote ikanukia msonobari mbichi.

Mokeira naye, jioni kazi ikiisha, alikuwa na siri yake. Aliisukuma baiskeli hadi mwisho wa kipande kilichokwisha, akaigeuza kuelekea stesheni, akaweka mguu mmoja tu juu ya pedali, mwingine ukining’inia, na kuiachia baiskeli iteleze. Mguu mmoja si kupanda, alijiambia. Kipande kiliporefuka, mtelezo nao ukarefuka, na upepo ukamwingia masikioni.

Jioni moja Priscillah alikuwa ameketi mlangoni akikata uzi kwa meno.

“Na huo mguu mwingine,” akauliza, “umeuwekea nani?”

Mokeira alishuka upesi hadi akajikwaa. “Nilikuwa najaribu breki.”

“Breki ziko mkononi, dada.” Priscillah akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha kaki na futi yake ya kupimia. “Simama wima. Gauni na kile chuma cha katikati havipatani. Nitakushonea suruali ya kuvaa ndani, pana. Hakuna atakayejua ila mimi na wewe na cherehani.”

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka kofia ikafika kijitoni, ikakwama.

Kijito hakikuwa kipana, lakini kingo zake zilikuwa ndefu, na daraja lilitaka magogo mawili mazito ya kulaza kutoka ukingo hadi ukingo. Msitu ulitoa magogo. Jumamosi akina Zacheus wakajaribu kulivusha la kwanza. Lilifika katikati, likawashinda, likaanguka majini. Jumapili akina Kebaso wakalivuta likatoka, wakajaribu wao. Likateleza, nusura limvunje mtu mguu. Kila upande ukasema wenzao ndio walioliachia vibaya. Mvua ikanyesha, wiki zikapita, kofia imelowa juu ya fimbo yake. Watu wakapungua. Nyuma ya bucha Mokeira aliona siwot changa zinachungulia tena kwenye kokoto, kijani kabisa. Kama njia ingerudi kuwa kichaka, yeye angerudi kusukuma baiskeli hadi kaburini.

Suruali ya kaki ilikuwa tayari, imekunjwa chini ya mto wake.

Ijumaa moja, akiwa anasugua spoku, alitazama jua linavyozama na akaharakisha, kwani Sabato inaingia na jua. Mkono ukasimama hapo hapo. Sabato inaingia na jua. Na inatoka na jua!

Jumapili asubuhi, wenzake wa kanisani walipokuwa bado wamelala, alimngoja Zacheus nje ya kanisa lake hadi ibada ikaisha.

“Mzee Zacheus, shikamoo. Hii Jumapili yenu huanza saa ngapi?”

“Marahaba. Ni swali gani hilo, mama? Inaanza Jumapili ikianza. Usiku wa manane, tuseme.”

“Kwa hiyo Jumamosi saa moja jioni, Mungu hawakatazi kitu?”

“Hapana. Saa hiyo mimi huwa nakunywa supu.”

Akaenda kwa Kebaso. “Ndugu Kebaso, jua likishazama Jumamosi, naweza kufua nguo?”

“Unaweza, dada. Sabato imekwisha.”

“Naweza kubeba gogo?”

Kebaso alikuwa mtu wa kufikiri polepole, lakini akishafika, amefika. “Na Zacheus bado hajaingia kwenye Jumapili yake,” akasema. Kisha akacheka, mabega yakitikisika. “Loo! Tumezozana miezi mitatu, na kumbe katikati kuna mlango!”

Jumamosi iliyofuata, jua lilipozama nyuma ya msitu, akina Zacheus walikuwa tayari ukingoni na kamba zao, na akina Kebaso wakashuka moja kwa moja kutoka kanisani, makoti wameyavua, taa za chemli mikononi. Hapakuwa na kundi hili na lile tena. Palikuwa na umati. Shida ikawa nyingine. Zacheus alipiga kelele ya kuvuta kwa Kikikuyu, Kebaso kwa Kikisii, Kipsang kwa Kikipsigis, na kila kundi likavuta kwa wakati wake. Gogo likacheza kama samaki.

“Nyamazeni!” ilikuwa sauti ya mwanamke. Mokeira alisimama juu ya ukingo, ameshika baiskeli yake. “Nyote nyamazeni. Kengele ikilia, vuta. Isipolia, shika tu.”

Kriiing! Wakavuta. Gogo likasogea. Kriiing! Likanyanyua kichwa. Kriiing! Likavuka maji. Kriiing! Likalala ng’ambo, tulii, kama mtoto aliyeshiba. La pili lilifuata kabla supu ya Zacheus haijapoa, na watu wakashangilia hadi mbwa wa mji mzima wakajibu. Zacheus alimkumbatia Kebaso, akaona amemkumbatia Kebaso, na bado hakumwachia.

Mbao zilipigiliwa misumari wiki hiyo hiyo, na kofia ikatembea tena, wiki baada ya wiki, hadi kwenye lango la kiwanda. Kisha Jumatano moja, siku isiyo ya kanisa la mtu, njia ikafunguliwa. Ilitoka stesheni hadi kiwandani, nyekundu, laini, maua ya Priscillah yameenea nyuma ya maduka yote. Watu walijaa pande zote mbili. Hapo mzozo mmoja wa mwisho ukazuka: nani apite wa kwanza?

“Wazee wa kanisa,” akasema Kebaso.

“Wafanyabiashara,” akasema Zacheus, “maana ndio tunaotoa leseni ya...”

“Wewe unatoa leseni gani?” Kipsang akamkata. “Serikali ya mtaa ni mimi.”

Wakiwa bado hapo, wakasikia kriiing.

Watu wakapisha. Mokeira alikuja kutoka upande wa juu, amenyooka, gauni la buluu na suruali ya kaki ikionekana chini yake bila kuficha. Miguu yote miwili ilikuwa juu ya pedali. Alipita darajani, mbao zikanguruma tu-tu-tu-tu. Mmoja wa wale wanaume wa hoteli alifungua mdomo, Priscillah akamgeukia na mkasi mkononi, na yule bwana akaufunga.

“Mama!” Zacheus akaita, akikimbia kidogo kando yake. “Mbona leo hakuna mikebe? Maziwa yako wapi?”

“Nimepeleka alfajiri!”

“Kuna mgonjwa?” Kebaso naye akauliza kwa wasiwasi, akishika kofia yake kichwani. “Dada, umeitwa wapi? Ni habari mbaya?”

“Hakuna mgonjwa!”

“Sasa unaenda wapi?”

Alikuwa amekwisha kuwapita. Njia iliteremka mbele yake taratibu, imebembelezwa yote, na upepo ukamjaza gauni. Akapiga kengele tena bila sababu yoyote, akageuza kichwa, akapaza sauti ili mji mzima usikie:

“Siendi popote! Nilitaka kupanda tu!”