Mama Burhani Yuko Pembrokeshire

Mimi ni mpiga picha, na sina muda na mizimu. Kibanda changu kiko sokoni Newtown, hapa Johannesburg. Nyuma ya kiti cha wateja nimetundika turubai kubwa nililolipata wakati ofisi moja ya utalii ya mjini ilipofungwa. Ni tangazo la Pembrokeshire, kule Wales: kushoto ngome ya kale yenye mnara wa mviringo, katikati kanisa kuu la mawe, kulia ufuko wa mchanga na nyumba za rangirangi zinazotazama bahari. Watu wanalipenda. Unapiga picha mbele yake, unaituma kwenu, tayari umefika Ulaya bila ndege. Siulizi wanawaambia nini huko. Kazi yangu ni picha.

Burhani, kijana wa Tanga anayeuza mikanda na soksi kwenye taa za barabarani, alikuwa mteja wangu wa kudumu. Kila Idi alivaa koti zito, mwaka mmoja akasimama ngomeni, mwaka mwingine ufukweni, na picha akamtumia mama yake. Mama aliamini. Alijifunza mpaka kulitamka lile jina gumu, akawa anawatambia majirani kwamba mwanawe anaishi kando ya ngome. Mwezi uliopita akafariki. Zuhura, dada yake Burhani, alimpigia simu kumpa maneno ya mwisho ya marehemu: "Kabla sijapumzika, nitapita kwanza kwa Burhani."

Wiki hiyohiyo picha zangu zikaanza kuingiliwa.

"Huyu mama nyuma yangu ni nani?" aliniuliza mteja mmoja Mkongo, amekasirika.

Nikatazama. Langoni mwa ngome alisimama mwanamke, mdogo kama kidole, amejitanda kanga, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kwenye turubai lenyewe hakuwepo. Nikafuta lenzi, nikapiga tena. Amehamia chini ya mnara. Siku iliyofuata alikuwa kwenye mlango wa kanisa, anachungulia kwa adabu, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuingia. Kisha ufukweni, amekunja kanga, miguu imo majini, ametupa mgongo sote. Nilimwogopa, sikatai. Lakini nilimhurumia zaidi.

Burhani alipopita nikamwonyesha. Akakaa chini.

"Dada Jocelyne, kanga hiyo nilimnunulia mimi, siku ninaondoka."

"Sasa anafanya nini kwenye turubai langu?"

"Ananitafuta."

Akakimbia kuchukua koti lake. Alitaka nimpige picha palepale ngomeni, mama amwone, aridhike, akapumzike. Nikampiga. Kwenye picha mama alikuwa anapita nyuma yake, karibu kabisa, kanga inakaribia kumgusa bega, na macho yake yako kwingine. Nikapiga nyingine. Sasa anachungulia kati ya zile nyumba za rangi, mlango kwa mlango. Hakumwona mwanawe.

Hasira zikanipanda. "Burhani, wewe ni mjinga kabisa. Umemtuma mzazi mahali usipokuwepo, halafu unataka akuone hapohapo? Mwambie ukweli."

"Nitamwambiaje, dada? Amenisifu mtaa mzima."

"Eish. Tazama miguu yake. Amelowa, Burhani."

Hilo likamwingia. Alivua koti, akaligeukia turubai.

"Shikamoo, mama. Siko Wales. Sijawahi kufika. Niko Johannesburg, Bellevue, nyumba yenye geti jekundu, chumba cha uani. Nauza soksi. Nisamehe, mama, toka huko kwenye baridi, njoo."

Alilia kwa sauti. Nikalipiga turubai likiwa peke yake. Ngome, kanisa, ufuko. Mama hayupo.

Nikafunga kibanda, tukaenda Bellevue. Burhani akasimama mbele ya mlango wa chumba chake, nikapiga picha moja tu. Aliogopa kuitazama, kwa hiyo nilianza mimi.

Mama alikuwepo. Sasa ana kimo cha mtu mzima, amesimama bega kwa bega na mwanawe, pindo la kanga linachuruzika maji. Lakini hakuwa anamtazama Burhani. Alikuwa ameugeuza uso kwenye mlango ulio wazi, anaangalia ndani: godoro sakafuni, blanketi limejikunja, sufuria moja juu ya jiko. Aliangalia kama mama yeyote anavyoangalia mahali anapolala mwanawe.

Nikampa kamera. Burhani aliitazama. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti, akaanza kulitandika godoro.