Ntumba Baridi za Mpui

Sajini Cornelia alikataa kutia sahihi mchana kweupe, mbele ya maofisa wa nchi tatu.

"Sijakusikia vizuri," alisema Meja Zephania, mkuu wa timu yake.

"Siwezi kuandika kwamba eneo hili ni salama, afande. Chini kuna handaki."

Zoezi lilikuwa la pamoja, na hii ilikuwa wiki ya pili. Majeshi ya nchi tatu rafiki yalikutana Mpui kujifunza kufichua mahandaki ambayo adui huchimba ili apitishe watu na silaha chini kwa chini. Kundi moja lilicheza adui. Lilikuwa limechimba kwa siri mahali fulani ndani ya eneo la zoezi. Timu ya Cornelia ilitakiwa kulipata handaki hilo kabla ya saa kumi jioni, na sasa ilikuwa saa saba.

Kapteni Sikazwe wa timu hiyo, aliyetoka Zambia, alikuwa amesukuma mtambo wake wa magurudumu siku tatu mfululizo. Ulipeleka mawimbi ardhini, na kioo chake hakikuonyesha kitu.

"Umeona nini, Sajini, ambacho mtambo haukuona?" aliuliza.

"Ntumba, afande."

Cornelia alizaliwa kijiji cha pili kutoka hapo. Alikua akimfuata mama yake shambani mwisho wa masika kulima ntumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake ili zioze na kurutubisha shamba la ulezi. Asubuhi ile alikuta ntumba kama thelathini, nzuri kupita kiasi. Akapenyeza mkono hadi kiwiko. Ntumba inayooza huwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Zile zilikuwa baridi. Ndani hamkuwa na unyasi hata mmoja, bali udongo mwekundu wa kunata, ule unaopatikana chini kupita kimo cha mtu. Nani Mpui huchimba hadi huko kutafuta rutuba?

Alipomaliza kueleza, ofisa mmoja alicheka. "Tumekuja na mitambo, tunafundishwa jembe!"

Meja Zephania alimvuta pembeni. "Cornelia, jina lako limo kwenye orodha ya kozi ya nje. Usinitie aibu mbele ya wageni. Tia sahihi. Hiyo ni amri."

Kozi ile alikuwa ameisubiri miaka minne.

"Siku ya vita, afande, karatasi hiyo itapitisha lori la askari juu ya shimo. Andika kwamba nimekataa amri."

"Nimekuondoa kwenye timu!"

"Ndiyo, afande."

Akapiga saluti, akaenda kwenye lori, akachukua sululu na koleo. Koplo Masalu, kijana wa wafugaji wa bonde la Rukwa, akamkimbilia.

"Unakwenda wapi, Sajini?"

"Sina kazi, lakini mikono ninayo. Wewe rudi, kazi yako bado ipo."

"Basi na mimi nimeikosa," alisema Masalu, akachukua koleo.

Walichimba katikati ya ntumba, maana aliyebeba udongo wa handaki kwa kujificha hakuwa ameubeba mbali. Shimo la kwanza lilifika kifuani, halina kitu. Mvua ikaanza tena kunyesha. Kule kwenye mahema kicheko kilisikika wazi. Cornelia alihisi machozi yakimpanda, akayameza kwa hasira, akasogea hatua nne, akainua sululu upya.

Saa tisa Kapteni Sikazwe alikuja peke yake. Alipenyeza mkono kwenye ntumba moja, kisha nyingine.

"Udongo huu ukilowa unameza mawimbi," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi huo tangu juzi. Nikaona haya kuusema."

"Chimba basi, afande," alisema Cornelia bila kumtazama.

Kapteni akavua koti, akaingia shimoni.

Zilibaki dakika ishirini sululu ilipogonga mbao. Cornelia aligonga tena, na sauti ikapanda kutoka chini:

"Taratibu jamani, mtatutoboa vichwa!"

Masalu alicheka hadi akakaa kwenye tope. Cornelia hakucheka. Aliegemea sululu, akawatazama maofisa wakitoka mahemani mbiombio.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya kamanda wa zoezi. Timu yake ilikuwa imeshinda, lakini amri ni amri. Alipewa siku saba za adhabu, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya kozi. Meja Zephania alikuwa pale, macho ameyaelekeza sakafuni.

"Una la kusema, Sajini?"

"Ninalo, afande. Nikiletewa tena karatasi ya uongo, nitakataa tena."

Kamanda akamruhusu aende.

Kapteni Sikazwe aliandika ripoti yake mwenyewe. Aliukiri humo udhaifu wa mtambo kwenye udongo uliolowa, akapendekeza kwamba kabla mtambo wowote haujashushwa, watangulie watu wanaoijua ardhi ile. Nchi zote tatu zilikubali. Jina la Cornelia aliliandika kwa ukamilifu, na jina la kijiji chake.

Siku zile saba Cornelia alibeba maji ya jikoni, ndoo baada ya ndoo, akipita katikati ya mahema ya wageni. Angeweza kuzunguka nyuma. Hakuzunguka hata mara moja.