Jodari wa Kwala

Bwana Didas alifika Kwala Jumamosi asubuhi akiwa na ndoo yenye kifuniko, magunia manne ya chumvi na kitambulisho cha plastiki kilichoning'inia shingoni. Kitambulisho kilimtaja kuwa Mtaalamu, bila kueleza wa nini.

Jirani yangu Fadhila alikuwa ameshaziba mfereji uletao maji bwawani. Bwawa hilo, hatua kumi na mbili kwa nane, aliachiwa na marehemu mumewe, na perege wake ndio waliowalea wanawe na ndio wanaowalisha mafundi wa viwandani siku hizi. Kabla ya adhuhuri perege wote wangetolewa, wakubwa kwa wadogo, chumvi imwagwe, na humo wafugwe jodari. Nilifundisha sayansi kwa miaka thelathini na mmoja. Nilichukua mwavuli wangu, nikaenda.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Didas.

"Marahaba. Nasikia unafuga jodari."

"Tunabadilisha fikra, Mwalimu. Bandari kavu imekuja Kwala bila bahari. Mbona samaki ashindwe?"

Fadhila alinitazama kwa fahari. Hoja hiyo ndiyo iliyomteka, nayo, nakiri, ilimtosha mtu asiyetaka kufikiri zaidi.

"Bandari haipumui," nilimjibu. "Jodari hupumua kwa kuogelea. Huenda kinywa wazi, maji yakapita katika matamvua yake. Akisimama, amekufa, hana ruhusa ya kusimama hata usiku. Hukua akafikia uzito wa magunia mawili ya mahindi. Akikimbia, hulaza mapezi ndani ya mifuo ya mwili wake, kama kisu cha kukunja, na huvuka bahari akimfuata ngisi. Katika hatua kumi na mbili atageukia wapi?"

"Hawa wa kisasa wanageuka," alisema Didas.

"Mwalimu, usinizibie riziki," Fadhila alininong'oneza. "Mwakani nitauza hoteli za Dar."

"Riziki yako imo majini, mwanangu, na unaitoa. Angalau mwombe akuonyeshe huyo mfalme wa bahari."

Didas alieleza kwamba mwanga huwaudhi. Fadhila, ambaye hajapata kununua hata nyanya bila kuibonyeza, alifunua ndoo.

Jodari kumi, kila mmoja urefu wa kidole, walikuwa wamelala chini kabisa, wametulia kama waumini katika mahubiri marefu.

"Wamechoka na safari," alisema Didas.

Mmoja alipanda juu, akatoa pua, akagugumia hewa, akarudi chini kulala. Mwenzake akafuata. Fadhila alikunja uso.

"Huyu anavuta hewa."

"Anasalimia," alisema Didas.

"Hivi ndivyo wafanyavyo kambale dimbwini wakati wa kiangazi." Alitumbukiza mkono, akamshika mmoja, akampapasa kidevuni. "Mtaalamu, ndevu zake ziko wapi?"

Zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, za wote kumi, na kwa ustadi ambao vinyozi wengi wa Maili Moja hawana. Niliinama nikaangalia vizuri. Vishina vilikuwa vimebaki.

"Mama, hao ni mbegu maalumu..."

"Ni kambale walionyolewa!" Fadhila alimrudisha samaki ndooni na kukifunga kifuniko kwa kofi. "Ningewatoa perege wangu wote ili kuwapisha hawa, nami ningekuwa nawaombea dua wakue. Chukua ndoo yako."

Didas aliichukua. Kisha akainama kubeba gunia la kwanza.

"Chumvi iache," alisema Fadhila. "Nitakaushia perege."

"Chumvi ni yangu, Mama!"

"Si ulisema ni ya jodari? Mlete jodari aje aidai."

Mtaalamu alinitazama, akitarajia, nadhani, msaada wa msomi mwenzake. Nilimwonyesha barabara kwa ncha ya mwavuli. Aliondoka kwa hatua ndefu, maji ya ndoo yakimrukia suruali. Fadhila hakumsindikiza hata kwa macho. Alikuwa ameshaingia mferejini, magoti topeni, akiyang'oa mawe aliyoyapanga mwenyewe alfajiri.