Jibu Liko Ndani ya Foronya

Mume wa fundi foronya hakujua kushona hata kifungo. Alikuwa dereva wa lori, na alipostaafu akawa anashinda chumba cha mbele, ubavuni mwa cherehani, akimzonga mkewe kwa maneno. Mkwe wao, mke wa mtoto wao wa pekee, ndiye aliyefunga mizigo ya wateja, na ndiye aliyempa mzee simu akamwambia, "Baba, mdomo huu usikae bure. Jibu wateja."

Foronya ziliuzwa kwenye soko la simuni, lile kubwa linalotumiwa na kila mtu. Wauzaji wa mtaa ule walilibandika jina la Baba Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulijibu, na ukishaingia kwake hutoki ila kwa ruhusa. Mteja akiridhika aliweka nyota zake na maneno mawili matatu. Wauzaji wengine walijibu "asante, karibu tena." Mzee yeye aliandika kitendawili.

"Nambeba bwana mkubwa usiku kucha, asubuhi shukrani yake ni makofi. Jibu liko ndani ya foronya ijayo."

Na kweli lilikuwamo. Fundi alilitarizi kwa uzi mwembamba kwenye pembe, upande wa ndani, mahali ambapo hupaoni mpaka uipindue foronya kwa kufua. Mteja akaagiza, akafua, akasoma "mto", akacheka peke yake karoni, akaagiza nyingine ili apate kitendawili kingine.

Lakini mzee hakumpa mkewe jibu kirahisi. Sharti abahatishe kwanza.

"Nimeshindwa, nambie nitarizi," fundi angesema. "Uzi unanikaukia mkononi."

"Basi nipe mji."

"Chukua chumba hiki, na bili yake ya umeme."

"Mji gani huo wa madeni? Bahatisha tena."

Hivyo ndivyo walivyozeeka, yeye na cherehani yake, mzee na domo lake. Kisha mzee akashikwa na homa, na homa ile haikumwacha.

Msiba haujapoa, Baba Mkwe naye akabadilika. Alipandisha fungu analokata katika kila mauzo. Halafu akaanza kuuza foronya zake mwenyewe, zenye maua yale yale ya fundi, ila yamegandishwa kwa gundi. Zake akazipanga juu kabisa. Za fundi zikasukumwa chini, mteja azitafute mpaka kidole gumba kiote sugu.

"Mwenye mizani akianza kuuza nyanya, nyanya za jirani zitapimwa na nani?" aliuliza muuza viatu wa jirani, mtu wa makelele, na kwa siku hiyo makelele yake yalikuwa na haki.

Wauzaji wa mtaa wakachanga, wakamwita mtaalamu, wakafungua soko dogo lao wenyewe la simuni. Muuza viatu akatangulia kuhamia. Baba Mkwe akamfungia duka siku hiyo hiyo, maana sheria yake ilikuwa hiyo: ukiuza kwingine unafungwa, na ukifungwa, nyota, maneno ya wateja na majibu yako vyote vinafutwa. "Nimeuza viatu tangu ndevu zangu nyeusi," alilalamika, "leo wateja wa soko jipya wananiuliza kama mimi ni tapeli!" Wenzake walipomwona, wakarudisha miguu nyuma.

Mkwe hakurudisha. "Mama, tuhame. Huku tunafia. Nyota tutazitafuta upya, mkono wako haujafutwa."

"Tutahama."

"Lini?"

"Tutahama, mwanangu. Nimalizie pindo hili."

Kila alipoulizwa pindo lilikuwa halijaisha. Mkwe alianza kukasirika, akadhani mama mkwe wake ameshikwa na woga wa uzee. Mpaka adhuhuri moja alipoingia na bonge la pamba mkononi, akamkuta fundi ameegemeza simu kwenye cherehani, mikono mapajani, midomo ikichezacheza. Alikuwa anasoma yale majibu ya mzee kwa wateja, moja baada ya jingine, na kwenye moja akacheka, akajipangusa macho kwa kitambaa cha foronya.

Mkwe akaweka pamba chini taratibu. Akavuta kigoda, akakaa.

"Ni yeye, eeh?"

"Sauti yake imebaki humu tu. Tukihama, wanamfuta." Fundi alishusha pumzi. "Nacheka kama mwehu, mwanangu. Usimwambie mumeo."

"Atakuja acheke na yeye."

Hapo mkwe hakumhimiza tena. Ila Tume ya Ushindani, ile ofisi inayoangalia kwamba mwenye nguvu sokoni hawabani wenzake koo, ilipotangaza kuwa itawasikiliza wauzaji juu ya soko la Baba Mkwe, alimpigia mama mkwe wake pasi gauni lake zuri.

Chumba cha Tume kilikuwa na viti vinavyozunguka, na fundi alikalia chake kwa ncha kama mtu aliyepanda punda asiyemjua. Mwanasheria wa Baba Mkwe alikuwa binti mpole, akamsogezea maji.

"Pole kwa msiba, Mama. Lakini hayo maneno yaliandikwa kwenye soko letu, kwa mitambo yetu. Mtu akihama hakibebi kiwanja."

Fundi alifikiri. Lilikuwa neno la haki.

"Kweli, mwanangu. Kiwanja kibaki na mwenyewe. Mimi nataka vyombo vyangu."

"Vyombo gani, Mama?" aliuliza mwenyekiti.

Alikuwa amejiandaa kusema nyota na wateja. Mkwe alimfundisha njia nzima.

"Mume wangu yumo," alisema.

Akawaeleza vile vitendawili, na jinsi alivyotarizi majibu. "Nikibaki, kazi yangu inakufa. Nikihama, namzika mara ya pili. Mniambie nyie wenye elimu, nichague kipi?"

Muuza viatu akasimama kabla hajaitwa. "Mimi sina marehemu mle, nina nyota tu! Lakini walionipa ni wateja wangu. Mkubwa akishika amana ya kila mtu, soko jingine litaota vipi? Nani atahamia huko uchi?" Akaambiwa akae. Akakaa, akiendelea.

Serikali hutembea mwendo wa kinyonga, na kinyonga hufika. Amri ilipotoka, ilisema muuzaji akihama ahame na nyota zake, maneno ya wateja na majibu yake, na asiadhibiwe kwa kuuza kwingine. Lile la Baba Mkwe kupanga bidhaa zake juu bado linabishaniwa.

Siku ya kuhama, fundi alishika ukingo wa meza.

"Nibonyeze?" mkwe aliuliza.

"Bonyeza. Hebu ngoja! Haya, bonyeza."

Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha huyo hapo, mzee mzima na makosa yake ya herufi, katika soko dogo, anamtania mtu juu ya makofi ya asubuhi.

Haikupita muda, mwalimu wa chekechea, mteja wao wa zamani, akawaona huko akaagiza. "Kitendawili cha mwisho alichonipa Babu kimenikosesha raha: 'Nilizaliwa nao, watu wote wameuona, mimi mwenyewe sijauona.' Naomba foronya na jibu lake."

Fundi akaduwaa. Hicho mzee hakuwahi kumtegea. Alikiandika homa imeshaanza. Majibu yalikuwa kichwani mwake, na kichwa wamekizika.

"Uso?" alisema mkwe.

"Uso si unauona kwenye kioo kila saa, na wewe ndiye bingwa."

"Basi moyo."

"Moyo nani kauona? Daktari?"

"Mwandikie umeshindwa, Mama."

"Hata. Mzee hakunizoesha hivyo."

Akainamia kazi. Foronya ikaisha, ikabaki pembe ile tupu. Alipojinyoosha akaguna, na mkwe akapita nyuma yake, akamkanda kwa kiganja chini ya mabega.

"Hapo. Hapo hapo. Baba yako alikuwa akinikanda hapo kila nikiinuka kwenye cherehani. Akisema, 'Hapa mimi napajua, wewe mwenyewe hujawahi kupaona...'"

Akageuka na kiti chake chote.

"We mtoto! Mgongo!"

Wakacheka mpaka sindano ikaanguka wakashindwa kuitafuta. Kicheko cha fundi kikageuka machozi katikati, na mkwe akamwacha alie, mkono wake ukiwa pale pale mgongoni. Kisha fundi akachukua sindano nyingine, akatarizi herufi zile kwa uzi mwembamba, upande wa ndani.

"Na mwalimu tumjibu nini?" mkwe aliuliza, simu mkononi.

Fundi akakata uzi kwa meno. "Andika: 'Amelala hainuki, na bado anachekesha watu.'"

Mkwe akaandika. "Jibu lake nini, Mama?"

"Bahatisha kwanza."