Kisichotundikwa Hakiingii

Jana usingizi ulinipitia na shati mwilini, ndoto ikanibeba hadi ukumbi wa kata, hapa Kyela, siku ya maonyesho yetu ya sanaa. Mwenyekiti wa kamati, Mungu anisamehe, ni mimi. Hata ndotoni nilikuwa nimechelewa.

Mlangoni amesimama msumari wa inchi nne, kavaa tai. Ananiuliza, "Wewe umetundikwa?"

Namwambia mimi ndiye mwenyekiti. Anasema sheria ni sheria, tena niliitunga mwenyewe: kila kinachoingia kitundikwe ukutani, na kugusa ni marufuku. Kwa sheria hiyo hiyo nilimrudishia Shangazi Tusekile mtungi wake juzi. Ndiye aliyenilea. Kafinyanga tangu usichana, na hata macho yalipomwishia nuru, mikono haikuacha. Nikamwambia mtungi hautundikiki, tena ni chombo cha jikoni tu. Tangu hapo nikipiga hodi haitikii, na inaniuma kwelikweli.

Basi, natundikwa kwa kola. Ukutani nawakuta wanakamati wenzangu wametulia, na mgeni rasmi kaning'inia katikati yao, anasoma hotuba kwamba sanaa ni ya watu wote. Twiga wa picha ya jirani ananiomba nisogeze kiwiko, namziba. Analalamika kwamba kila mwaka wanachorwa wao tu na jua linalozama, na jua lenyewe limeshaomba likizo.

Mara ukumbi ni ufuko wa Ziwa Nyasa. Kuta zipo, nasi bado tumetundikwa, tunaiva kwa joto. Mgeni rasmi anaacha hotuba, anaulizia maji.

Maji yapo. Chini mchangani amekaa Shangazi na mtungi wake, umetota ubaridi.

"Shangazi, tupe maji."

"Mtungi hautundikiki, baba," anajibu, wala hana hasira.

Kamati yote inanigeukia. Haya, mkuki kwa nguruwe. Namwambia msumari naifuta sheria. Anadai kura. Wanakamati wananyoosha mikono, mishono ya kola inaachia, tunaporomoka mchangani pamoja na mgeni rasmi na hotuba yake.

Shangazi anatupapasa nyuso mmoja mmoja, mikono imejaa udongo. Kwangu anakawia.

"Huyu nilimfinyanga mimi," anawaambia. "Ila nilimtoa motoni kabla hajaiva."

Nikaamka. Mke wangu, Gwantwa, ananitazama, anauliza udongo wa shavuni nimeutoa wapi. Nikajishika: alama za vidole, bado zina majimaji. Nilitamani kucheka, nikaona aibu.

Sikunawa. Nilikwenda hivyo hivyo kwa Shangazi, nikapiga hodi. Nikasema nimekuja kuufuata mtungi, na meza yake nitaiweka katikati ya ukumbi, kila mtu aushike.

Mlango ukafunguka. Akanipapasa uso taratibu, kidole kimoja kimoja, kila kimoja kikatua pale pale penye alama yake.

"Bado hujaiva," akasema. "Pita ndani."